Kibao cha Shaba Chini ya Jenereta

Naandika nikiwa nimesimama. Mama Violet, mke wangu, alininunulia kiti cha kustaafu, kile cha kulala nyuma, na mpaka leo hakijaona mgongo wangu zaidi ya dakika kumi. King'ora cha kiwanda kikilia asubuhi nashtuka, natafuta ovaroli, halafu nakumbuka niliirudisha stoo nikaitilia sahihi. Basi nazunguka boma. Nimerekebisha lango ambalo halikuwa limeharibika. Juzi nilifungua pampu ya maji ya jirani, na jirani hakuwa amelalamika.

Lakini si kustaafu kunakonisumbua. Nyinyi vijana wa mitambo mnanipigia simu mnaniuliza, Mzee Mudeizi, ile injini kubwa uliuzia wazungu? Chepkirui, fundi mwenzenu, ameniambia kuna mmoja wenu, simtaji jina, aliyesema kantini ati nimejengewa nyumba. Njooni mwione hiyo nyumba. Ni ile ile, na inavuja upande wa jikoni. Injini haikuuzwa. Imerudi melini kwake, meli ya vita ambayo sasa ni makumbusho, na mimi nimeachiwa kazi ya kuandika sentensi tatu zitakazobandikwa kando yake. Wiki tatu zimenishinda. Nikianza naishia kuosha kikombe. Acha niwaeleze nyinyi kwanza, yote, hata yale mtakayonidharau kwayo, labda mkono utalegea.

Niliingia kiwandani nikiwa na miaka ishirini, nimetoka Vihiga na cheti cha ufundi na viatu vya kuazima. Vyeo na mishahara sitaji. Hayo mtayajua wenyewe na mtalalamika wenyewe. Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye kile kibanda cha mawe kando ya boila. Ndani kulikuwa na injini ya dizeli ya silinda sita, ndefu kuliko sebule yangu, na jenereta nyuma yake. Kitu kilichonishangaza ni kwamba pande zote mbili ilikuwa na vyuma vya kujishikilia, vimeng'aa kwa kushikwa. Nikajiuliza ni nani atayumba ndani ya kibanda cha mawe, Bomet, mpaka atafute pa kujishika.

"Ni ya meli," mtu akasema nyuma yangu. "Meli ya vita. Toa mkono."

Huyo ndiye Mzee Zablon Owuor, fundi wa injini, aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Alikuwa Mjaluo mwenye shamba kule Soin, chini kwenye joto. Wakati wa ile vita kubwa ya pili alichukuliwa akiwa kijana, akapelekwa Mombasa, akaingizwa kwenye meli ndogo ya jeshi ya kufagia mabomu yaliyotegwa baharini. Wengine walipiga mizinga. Yeye alikaa chini, kwenye joto na moshi, akitia mafuta jenereta hii hii. Vita vilipoisha jenereta za meli zikashushwa bandarini zikauzwa, na moja ikanunuliwa na kiwanda cha chai huku bara. Wakajaribu kuiwasha siku nne, wapi. Ndipo wakauliza bandarini kama kuna mtu yeyote anayeijua, na Owuor akapandishwa treni, halafu lori la mbolea, akaletwa. Aliiwasha siku hiyo hiyo kabla ya kupewa chakula.

"Nilikuja kwa wiki mbili," alikuwa akipenda kusema. Alikuwa anazeeka hapo tayari.

Kwenye ubavu wa injini kulikuwa na kibao cha shaba, kikubwa kama daftari la shule, kimefungwa kwa skrubu nne. Juu kiliandikwa jina la meli, chini namba. Mzee Owuor alikisugua kila Jumamosi kwa jivu na ndimu. Ndimu alizitoa Soin, maana huku kwetu kwa baridi hazikubali. Jina la Kizungu la ile meli hakulitumia. Aliiita Nyar Nam, yaani binti wa maji makubwa. Ukitaka akupende, ungeuliza habari zake. Ukitaka akuchukie, ungeegemea kile kibao.

Siku za kwanza hakunipa hata spana. Alinipa bisibisi ndefu yenye mpini wa mti, niweke ncha kwenye beringi na mpini kwenye sikio.

"Omera," aliniita kwa Kijaluo, yaani ndugu, "unasikia nini?"

"Kelele, Mzee."

"Rudi kesho."

Nilirudi kesho, na kesho kutwa. Siku ya tisa nikamwambia nasikia kitu kinakohoa silinda ya nne. Hakunisifu. Aliniletea spana. Na alinifundisha kuishika injini kwa kiganja kabla ya kuiwasha, bomba kwa bomba, kama anayepima homa ya mtoto. Nyinyi mna skrini inayowaambia kila kitu, sawa, lakini skrini ikizimika nitawaona mtaweka nini.

Niwaeleze kwa nini injini ile ilikuwa na maana. Majani yakifika kiwandani hulala kwenye vyano virefu, na feni huyapulizia hewa kutoka chini ili yanyauke. Stima ikipotea feni zinanyamaza, na majani yaliyorundikana yanaanza kupata moto yenyewe. Saa chache tu, yamekuwa ya kahawia na yananuka. Watu wamechuma tangu alfajiri Merigi na Silibwet, migongo imevunjika, na wewe unakwenda kuyamwaga. Miaka ile mvua za Aprili zilikuwa zinaangusha nguzo za stima kila wiki. Kwa hiyo kiwanda kizima kilikuwa kinamtegemea mzee mmoja na bisibisi yake, na mimi nyuma yake.

Sasa ndiyo hiyo siku. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini. Mzee Owuor alikuwa amekwenda mazishi ya ndugu yake, siku tatu. Siku ya pili, saa nne asubuhi, stima ikapotea. Nikaiwasha injini mwenyewe, kifua mbele. Dakika kumi, kikombe changu cha chai kikaanza kutembea juu ya benchi, kikaanguka kikavunjika. Jenereta ilikuwa inatetemeka mpaka vumbi linaruka sakafuni. Nikasikiliza kwa bisibisi. Mguu wa beringi ya nyuma ulikuwa umezama kidogo, upana wa kucha tu, na mhimili ulikuwa unazunguka ukiwa umeinama.

Dawa yake ni kuinua mguu na kuweka kipande cha chuma chini, chenye unene sawasawa. Nikazima, nikatafuta stoo, hakuna. Nikakata debe la mafuta ya kupikia, nikakunja bati mara kadhaa, nikaweka. Nusu saa, limesagika, mtetemeko umerudi. Nikakata lingine, nalo likasagika. Mlangoni akaja Mzee Koros, msimamizi wa majani, mtu wa Merigi, mpole siku zote, na siku hiyo upole ulikuwa umemwisha.

"Wewe kijana! Majani yameshika moto, nimetia mkono ndani nimeutoa. Unawasha ama niite watu wamwage?"

"Dakika kidogo, Mzee."

"Dakika kidogo umeniambia saa mbili sasa!"

Macho yangu yakaenda kwenye kile kibao. Sikufikiri sana, nisiwadanganye kwamba nilipigana na nafsi. Nilichukua kaliba nikapima unene wake na ulikuwa ule ule niliokuwa natafuta, kana kwamba mtu alikitengenezea kazi hiyo. Nikafungua skrubu nne. Nikakikata katikati kwa msumeno wa chuma, jina huku, namba kule, nikatoboa matundu ya bolti, nikaviweka viwili ubavu kwa ubavu chini ya mguu wa beringi, nikakaza. Nikawasha.

Injini ilitulia. Feni zikaanza. Mzee Koros alinikumbatia na ovaroli yangu yote ya grisi, akasema "Kongoi, kijana, kongoi mising!" yaani asante sana kwa Kikipsigis, na wanawake wa kupokea majani wakanipigia makofi. Aki nilifurahi. Nilitembea ile siku kama bwana harusi.

Usiku ule nilianza kujipangia maneno. Mzee, nisamehe, majani yalikuwa yanaharibika, nilitumia kibao. Ni maneno machache. Nikayarudia bafuni, nikayarudia njiani. Jumamosi asubuhi Mzee Owuor akaja, amekonda kwa mazishi, na ndimu zake kwenye karatasi. Akasimama mbele ya injini. Pale palipokuwa na kibao palikuwa na matundu manne na alama ya mraba safi.

"Kibao kiko wapi?"

"Sijui, Mzee," nikasema. "Nilikuta hakipo."

Nimejiuliza miaka yote maneno yale yalitoka wapi, wakati yale mengine nilikuwa nimeyakariri. Hakuwa mtu wa kupiga. Hakuwahi kunitukana. Ni woga tu, woga mtupu, wa kuuona uso wake ukibadilika kwa sababu yangu. Yeye alitazama yale matundu, akatembea mpaka nyuma, akaweka kiganja juu ya beringi.

"Imetulia."

"Ndiyo, Mzee. Mguu ulizama, nikauinua."

"Umeweka nini?"

"Bati."

"Bati," akasema. Akaweka ndimu dirishani, akachukua kitambaa, akaanza kupangusa mabomba kama kawaida.

Ningeweza kusema kesho yake. Ningeweza kusema wiki ile nzima. Nilijiambia nitakitoa stima ikikaa sawa, nikiunge kwa moto, nikirudishe kimyakimya, asijue. Lakini kipande kikishakatwa na kutobolewa kimekatwa na kutobolewa. Baada ya wiki mbili akaja mgeni wa wakurugenzi, mzee mmoja aliyekuwa baharia, ameambiwa kuna injini ya meli ya vita huku milimani. Alitaka kupiga picha kibao. Akaonyeshwa matundu.

Meneja wa wakati ule aliona aibu mbele ya mgeni, na aibu ya meneja lazima imwangukie mtu. Nani alikuwa anakipenda kile kibao? Nani alikuwa anakisugua kila Jumamosi? Aliitwa uwanjani, mbele ya zamu nzima.

"Zablon, umejipelekea ukumbusho nyumbani?"

"Sikuchukua."

"Basi ni nani?"

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Hakugeuza kichwa.

"Sikuchukua," akasema tena.

Alikuwa amebakisha miezi minne kustaafu. Walimwondoa siku ile ile. Hakupewa barua ya shukrani, wala chai ya kuagana, wala kushikwa mkono na mtu. Askari alimbebea mfuko mpaka getini, akaupekua hapo mbele ya wanawake wa majani, akatoa shati, biblia ya Kijaluo na ndimu mbili. Kwenye faili wakaandika kwamba ameiba. Mimi nilinyamaza. Jumatatu niliitwa ofisini nikapewa funguo za chumba cha injini. Nilisema vyeo sitaji, lakini hicho lazima nikitaje.

Nilijiambia nitakwenda Soin. Pasaka ikaja, nikasema Krismasi. Niliposikia amefariki watu wa kiwandani waliokuwa wanamkumbuka walikodi gari kwenda mazishi, na mimi nikawaambia niko zamu. Ratiba ya zamu nilikuwa naipanga mwenyewe.

Miaka iliyofuata mnaijua, wengine mlikuwepo. Niliitunza ile injini kuliko nyumba yangu, Mama Violet ni shahidi. Nilibadilisha pistoni, nikachonga vali, nikafungua kila kitu isipokuwa mguu wa beringi ya nyuma. Chepkirui alipokuja kutoka chuoni, msichana wa Silibwet mwenye maswali mengi kuliko polisi, aliniuliza kwa nini ule mguu hatuuangalii katika ukaguzi. Nikamwambia umetulia, usiuguse. Kisha kampuni ikanunua jenereta mpya, ile yenye skrini. Injini ya Mzee Owuor ikazimwa, na watu wa vyuma chakavu wakaanza kupita pita pale kibandani wakiigonga gonga.

Nilikuwa nimebakisha wiki tano kustaafu barua ilipokuja. Ile meli haikufa. Kumbe wakati sisi tunaiita marehemu, ilikuwa imefungwa kwenye bandari ya baridi huko Uingereza, imefanywa makumbusho, watoto wa shule wanapanda kuitazama. Walikuwa wamefuata karatasi za zamani za mnada mpaka kwetu. Wiki mbili baadaye akaja mjumbe wao, Bwana Tomas, fundi wa meli mstaafu, zaidi ya miaka sabini, magoti mabovu, anayejitolea huko bila kulipwa. Alivaa ovaroli kabla hajanywa chai. Nikampenda hapo hapo.

Tulikaa siku nzima kwenye kibanda, naye akanieleza mambo ya hizo meli. Baada ya vita zilikuwa mamia, na hakuna aliyezitaka. Zilikatwakatwa zikawa misumari, vitanda, sufuria. Nyingine zilizamishwa makusudi, wanajeshi wakizitumia kulenga shabaha. Hii yao ilifanywa ghala la nafaka linaloelea, halafu ikatupwa kwenye matope miaka mingi, mpaka mabaharia wazee waliowahi kuitumikia wakaanza kupiga kelele magazetini kwamba haitakatwa wakiwa hai. Walipoiokoa walianza na nini? Mizinga. Kwa sababu mgeni anapanda meli ya vita kuona mizinga. Wakaitafuta, wakaipaka rangi, mtoto anakaa kwenye kiti cha mpigaji anapigwa picha. Huko chini kwenye injini kulikuwa na chumba kitupu.

"Kitupu kabisa?" nikamwuliza.

"Tumeweka picha ya injini ukutani."

"Picha!"

"Kubwa," akasema, akijitetea.

Aliniambia pia kwamba ukishaiokoa meli hujamaliza. Maji yanaila chini, mvua inaila juu. Kuna meli za makumbusho zilizoanza kuinama zikiwa zimefungwa pale pale gatini, na nyingine zilikatwa hatimaye, baada ya miaka hamsini ya kulipiwa kiingilio, kwa sababu wazee waliokuwa wanazikwangua kutu walikufa na vijana hawakuja. Huwezi kuacha kukwangua hata mwaka mmoja. Nilimwambia hiyo naielewa vizuri.

Shida ilikuwa moja. Jenereta za aina ile zilitengenezwa nyingi, na wenzake hawangekubali kusafirisha mzigo mzito hivyo mpaka ijulikane kwa hakika ni ya meli yao. Ilitakiwa namba, na namba ilikuwa kwenye kibao. Bila namba, lori la vyuma chakavu lingekuja mwisho wa mwezi. Meneja wetu wa sasa, kijana mwenye adabu, alifungua faili la zamani akasoma kwa sauti: kibao kiliibwa na mfanyakazi Zablon Owuor, akafutwa.

Bwana Tomas akaandika hilo kwenye daftari lake. "Nitaliweka kwenye maelezo ya makumbusho," akasema. "Wizi nao ni historia."

Nilitoka nje. Nilizunguka boila mara mbili. Nikaingia kwenye kuni, nikatoka. Nilikuwa na wiki tatu, sherehe yangu ilikuwa imepangwa, Mama Violet alikuwa ameshona nguo. Nikikaa kimya, injini inakatwa vipande na Mzee anabaki mwizi, sasa mpaka ng'ambo. Nikisema, mwizi ni mimi. Chepkirui akanifuata.

"Mzee, uko sawa? Nikuletee maji?"

"Niletee jeki," nikamwambia.

Tuliuinua ule mguu wa beringi polepole. Vipande viwili vikateleza kwenye sakafu, vyeusi kwa mafuta. Nikavipangusa kwa kitambaa, jina likaonekana, na kwenye kile kingine namba. Bwana Tomas alipiga magoti yake mabovu kwenye saruji akaisoma tarakimu moja moja, kidole kikifuata, halafu akaketi pale pale chini akafuta macho.

"Vilifikaje hapo?" meneja akauliza.

"Niliviweka mimi," nikasema. "Nilikikata mimi. Mzee Owuor hakuiba kitu."

Chepkirui alinitazama mara moja akaangalia pembeni, na hapo ndipo niliumia zaidi, kuliko ningetukanwa. Meneja akakohoa. "Ni mambo ya zamani, Mzee. Wacha tu." Na Bwana Tomas akaanza kucheka kwa furaha, akasema hiyo ni hadithi nzuri sana, kibao kuishikilia injini yake yenyewe miaka yote hiyo, wageni wataipenda!

"Si nzuri!" Nilipaza sauti, na mimi si mtu wa kupaza sauti. "Kuna mtu alipekuliwa mfuko getini! Kuna mtu alikufa akiitwa mwizi!"

Akafunga daftari. Akaniambia kwamba kila kitu kwenye meli ile huandikiwa kibandiko cha sentensi tatu, na cha jenereta nitaandika mimi. Na kama ipo picha ya huyo mzee akiwa jeshini, wangeiweka juu ya kibandiko.

Sherehe yangu ilifanyika. Hakuna aliyeifuta. Nilipewa blanketi na chupa ya chai, nikapigiwa makofi, nikala keki. Mzee Owuor hakupewa hata kikombe, na mimi nilikula keki. Wiki iliyofuata kontena likaja likaichukua injini, mkaanza kupiga simu.

Kisha nikashuka Soin. Binti yake Mzee Owuor, Mama Risper, sasa ni mwanamke wa makamo mwenye wajukuu, na nilimkuta uani akibambua karanga. Nikaanza, "Hujambo mama, mimi naitwa—"

"Najua wewe nani," akasema. "Umechelewa."

Hakunikaribisha kiti, na hakuacha karanga. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama juani, mambo ya kibao, bati, uwanjani, getini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba alikaa pale," akasema, akionyesha kwa kidevu ubao kando ya mlango. "Miaka saba. Mtu akipita barabarani anauliza, huyo si wa kiwanda? Mimi nikidhani anangoja meneja aje kumwomba msamaha. Nikamwambia, Baba, meneja hawezi kuja. Akaniambia si meneja. Kuna kijana wangu atakuja. Ni woga kidogo tu unamshika."

Nilitafuta kitu cha kushika nikashika nguzo ya jiko.

"Alijua?"

"Kwani Baba asijue injini yake? Alisema ulimwambia ni bati. Hapo alikuwa anacheka. Bati alishajaribu huko baharini, alisema halimalizi hata saa."

"Na mbona hakunitaja? Walimuuliza mbele ya watu wote."

"Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa hasira. Akasema wakikufukuza wewe, nani ataiwasha? Halafu akasema utakuja mwenyewe." Aliacha karanga akanitazama kwa mara ya kwanza. "Hukukuja hata kumzika."

Nililia pale mbele yake, mzee mzima, na hakuninyamazisha. Baadaye nikamweleza habari za meli, na kibandiko, na picha. Akaingia ndani akarudi nayo. Kijana mwembamba mwenye kofia ya baharia, suruali nyeupe inamzidi, amesimama kwenye chuma, nyuma yake bahari. Alinipa niishike. Halafu akaichukua.

"Hii haitoki hapa. Wao wana meli, mimi nina hii." Akaifunga kwenye kitambaa. "Jina lake waandike lote. Halafu waandike lako, na kitu ulifanya, usizungukezunguke. Na waandike alikungoja. Mtu akienda kuangalia hiyo meli, asome."

Ndiyo maana siketi. Mara ya kwanza niliandika kwamba kibao kilitumika kurekebisha beringi wakati wa dharura. Chepkirui alisoma akanirudishia karatasi, akasema, Mzee, kilitumika na nani? Mara ya pili nilieleza majani, mvua, Mzee Koros mlangoni, na sentensi zikawa kumi na moja. Mara ya tatu nikaosha kikombe. Hapa ndipo niliyaacha maandishi haya jana usiku; leo asubuhi, king'ora kilipolia, niliacha kutafuta ovaroli nikaziandika zote tatu kwa pigo moja, Chepkirui akatafsiri, akatuma. Bwana Tomas amejibu kwamba watazichonga kwenye chuma, kwa sababu karatasi inaoza haraka kule chini. Hizi hapa, mzisome kabla ya wageni.

Zablon Owuor wa Soin aliitunza jenereta hii vitani na kwenye kiwanda cha chai, mpaka alipofukuzwa akiitwa mwizi wa kibao chake. Kibao hakikuibwa: mimi, Elphas Mudeizi, mwanafunzi wake, nilikikata nikakiweka chini ya beringi, nikamdanganya, nikanyamaza alipotolewa getini. Alijua, akaningoja miaka saba nije niseme, na mimi sikwenda.